Pipa Kutoka Shamba la Ngano

Endagikot, Mbulu
24 Februari 1985

Baba Zita,

Pipa limefika. Seifu alilishusha mwenyewe kwenye lori lake, akaliviringisha hadi mlangoni, na majirani wamesimama ng'ambo ya njia wanamtazama kama mtu anayeingia kwenye nyumba inayoungua. Yeye hajali metimani yetu, huku kutengwa kwa sababu ya mimba iliyotoka. Anasema kwao mama akiharibikiwa na mimba watu huja kumpa pole, hawamkimbii. Nilicheka, halafu nikalia, akajidai anakagua matairi.

Tangu mwezi wa kwanza hakuna jirani aliyevuka ua huu. Zita haendi shule, kwa sababu walimu ndio haohao majirani. Kisimani haturuhusiwi kuchota na wenzetu, tunateremka kijito cha chini wakishaondoka wote, tunachota tope waliloacha. Padri anasema ni mambo ya giza, lakini katekista wake akifika kwetu anavuka upande wa pili wa njia. Mama yako anasimama kwenye mti wa uani kwake na kunipigia kelele habari za asubuhi. Ndiyo maana nakuambia, pipa hili umenipa nikiwa na shida nalo kweli. Nimeliweka chini ya bati, mvua ya jana limejaa nusu. Rangi yake nzuri, ya bluu. Harufu haikosi, kama kitunguu saumu kilichooza, ila naona itaisha.

Ovaroli ulizoziacha Krismasi nilizifua zamani, zipo kwenye sanduku. Ile harufu yake ilinipa kichwa siku nzima.

Seifu anasema unakula kila siku kwenye mgahawa wa dada yake Mariamu pale Katesh, na kwamba unaisifia chai yake. Chai yangu uliisifia lini?

Mkeo,
Fransiska


Shambani, Hanang
3 Machi 1985

Mama Zita mpenzi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeegemea mlango wa stoo, nikaona aibu kwa ajili ya majirani zetu. Wavumilie. Wazee wakisema imekwisha, imekwisha, na wote watakuja kunywa kwako.

Harufu isikusumbue. Nililisugua pipa kwa sabuni ya mche na majivu, nikalianika juani. Ila nakuomba jambo moja: mtu akikuuliza, sema nililinunua mnadani. Usimtaje Seifu wala shamba. Hapa siku hizi watu wanatazamana vibaya. Viwavi wameingia kwenye ngano, tunapuliza mfululizo, na mimi nikiwa mtunza stoo ya dawa ndiye ninayeulizwa na kila mtu. Juu ya hayo amekuja mwanamke mmoja wa mradi, Philomena Akonaay, kwao ni huko huko Bashay. Anafuatilia dawa za mashambani: zinatoka wapi, zinakwenda wapi, zinaishia kwenye maji ya nani. Anaingia mtaroni na viatu vyake, anachota tope kwenye vichupa. Vijana wa matrekta wanasema ametumwa na usalama wa taifa. Mimi simwamini. Mtu hawezi kupenda tope kiasi hicho bila sababu.

Habari za chai ni utani wa Seifu. Mtu aliye mbali na nyumba yake atakula wapi?

Mwambie mama shikamoo. Mbusu Zita.

Mumeo,
Theodory


Katesh
6 Machi 1985

Ndugu Theodory Sulle,

Ahsante kwa kunitembeza stoo juzi. Ahsante pia kwa soda, ingawa niliona kwamba kila nilipouliza swali, soda nyingine ilifunguliwa.

Swali langu lilikuwa hili, na bado ni hili. Dawa ya viwavi ikishatumika, mapipa matupu yanapaswa kutobolewa na kufukiwa. Ulinionyesha shimo. Juu ya shimo hilo nyasi zimeota hadi magotini, nami ng'ombe wa shamba niliwakuta wanazila. Mapipa ya msimu huu yako wapi?

Kazi yangu si kufunga watu. Mnachopuliza kwenye ngano nakiona, kiko kwenye vitabu vyenu, na upepo nikiufuata nakiona tena kwenye mtaro na kwenye lambo. Nisichokiona ni kile kinachotoka kwa mlango. Pipa moja ambalo halikutobolewa linaweza kufanya madhara kuliko ndege nzima ya dawa, kwa sababu shambani watu hawanywi.

Nasubiri jibu la maandishi.

Wako katika kujenga Taifa,
Philomena Akonaay


Endagikot
13 Machi 1985

Baba Zita,

Nimeumwa. Nilitaka nisikuambie, lakini sasa imezidi. Tumbo linanikata, jasho linanitoka nimekaa tu, mate yanajaa mdomoni hadi natema kama mwenye mimba, na Mungu anajua sina mimba. Jioni siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Nyama ya kope inacheza yenyewe. Nikifika kijitoni kufua na kukaa kule mchana kutwa napata nafuu, nikirudi nyumbani inaanza upya. Kwa hiyo unajua watu wanasema nini.

Wazee walikuja mpaka ng'ambo ya njia. Walikuwa wamekusudia kutufungulia baada ya mvua hizi. Waliponiona nashika ukuta wakanong'ona, wakasema uchafu haujatoka, tukae tena. Mama yako akadakia kwamba lazima nimekula kitu nilichokatazwa. Nilimjibu vibaya, nisamehe. Nimeanza kumwogopa. Juzi alituachia maziwa kwenye ua, nikayamwaga. Sikuwahi kufikiri nitafika hapo, kumwaga maziwa ya mama yako, lakini usiku na mchana nawaza ni nani ananifanyia hivi.

Uzuri ni kwamba maji tunayo. Kwa hali hii nisingeweza kuteremka kijitoni kila siku. Nakunywa sana, joto la mwili linanimaliza.

Njoo, kama wanaweza kukupa ruhusa.

Fransiska


Gendabi
17 Machi 1985

Ndugu Theodory Sulle,

Hukujibu. Basi nikuambie nilichokiona mimi.

Nimekaa hapa Gendabi kwa mfugaji anayeitwa Gidahosh. Ndama wake wamekufa, na mke wake mdogo alikuwa amelala chini, anatokwa na mate na jasho, mikono inatetemeka. Walikuwa wanamtafuta mchawi, tena walikuwa wameshampata, bibi kizee jirani mkulima, na vijana wameshika fimbo. Nikaomba maji ya kunywa. Wakaniletea kutoka kwenye pipa la bluu lililokatwa juu. Lilinuka kitunguu saumu. Namba za ubavuni zimekwanguliwa kwa kisu. Nilimuuliza amelitoa wapi, akanitazama, akasema ni zawadi ya rafiki wa shambani. Jina hakulitaja, na simlaumu.

Sikiliza dalili zake, kwa sababu huenda utazisikia kwingine: mate, jasho, tumbo kukata, kope kuchezacheza, macho kushindwa kuona vizuri. Ukimtazama mboni ya jicho utaikuta imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Kusugua kwa sabuni hakusaidii, dawa inakaa kwenye maungio ya bati na kutoka kidogo kidogo. Mtu akiwahishwa hospitali na madaktari wakaambiwa ukweli, anapona. Wakidanganywa, wanamtibu malaria.

Kwa hiyo nakuuliza wazi, ndugu yangu. Je, kuna mapipa yaliyotoka kwenye stoo yako? Yako kwa nani?

Wako katika kujenga Taifa,
Philomena Akonaay


Shambani, Hanang
20 Machi 1985

Ndugu Philomena Akonaay,

YAH: MAPIPA MATUPU

Tafadhali rejea barua zako mbili.

Napenda kukufahamisha kwamba mapipa yote ya msimu huu yalitobolewa na kufukiwa kwa utaratibu uliowekwa. Hakuna pipa lililotoka nje ya stoo hii. Kuhusu huyo mfugaji wa Gendabi, mapipa ya bluu yako mengi nchini, hata ya mafuta ya taa.

Nimefanya kazi hapa tangu shamba lilipofunguliwa na sijawahi kuitwa mwizi. Nasikitika kwamba mtu wa nyumbani kwetu anakuwa wa kwanza.

Wako katika kujenga Taifa,
Theodory Sulle
Mtunza Stoo


Shambani, Hanang
20 Machi 1985

Mama Zita mpenzi,

Barua yako imenikosesha raha. Ruhusa wamenikatalia mpaka viwavi waishe.

Sasa fanya hivi. Yale maji ya kwenye pipa yamwage. Pipa lenyewe mpe Seifu alirudishe, nilipewa kwa muda na msimamizi sasa analitaka. Mtachota kwingine. Usiniulize sana, na usimwambie mtu yeyote. Nitakuletea jingine zuri zaidi.

Fanya upesi. Nakupenda.

Theodory


Endagikot
26 Machi 1985

Theodory,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Mtu nakuandikia kwamba naumwa, nashika kuta, wewe unanijibu habari za pipa. Hukuuliza hata Zita anaendeleaje. Basi nikuambie: naye ameanza. Mikono yake inacheza akishika kikombe, na jana alijikojolea, mtoto aliyeacha mambo hayo zamani.

Tuchote kwingine, kwingine wapi? Unadhani kisima kimehamia kwetu? Nikienda kisimani watanifukuza kwa mawe, na kijitoni siwezi tena kupanda na ndoo.

Seifu alipokuja kulichukua nilikaa juu ya mfuniko. Nikamuuliza, pipa hili linakwenda kwa nani? Msimamizi gani wa shamba la serikali anakosa pipa? Akacheka, akatazama pembeni. Seifu hajawahi kutazama pembeni mbele yangu. Nikajua. Kuna mwanamke amelipenda pipa langu, na huyo mwanamke ana mgahawa, ana matumizi mengi ya maji. Alipokuona unaniletea mimi akanuna, ndiyo sasa unahaha kunyang'anya.

Halitoki. Ulinipa mimi siku ambayo dunia nzima ilinitenga, na ndicho kitu pekee nilichonacho cha kunionyesha kwamba nina mume. Kama unalitaka, njoo ulibebe mwenyewe, unipite mimi na mtoto wako tumelala mlangoni.

Fransiska


Shambani, Hanang
29 Machi 1985

Dada Philomena,

Dereva wako Isidori yuko hapa anachukua vichupa vyako, anasema uko Mbulu mjini. Nampa barua hii na kumwomba asisimame popote.

Nilikudanganya. Pipa moja liko nyumbani kwangu Endagikot. Nyumba ya bati baada ya kanisa, ulizia kwa Sulle. Mke wangu na mtoto wetu wanakunywa maji yake tangu mwezi wa pili, na dalili ni zilezile ulizoniandikia, hakuna hata moja iliyokosekana. Nilimwambia alirudishe. Sikumwambia kwa nini. Niliogopa angesema, na ingefika kwako, na mimi ningefungwa. Sasa hataki kuliachia, anadhani nampelekea mwanamke.

Wako metimani, hakuna jirani atakayekusaidia kuwabeba. Ukiogopa kuingia sitakulaumu, wewe ni Mwiraqw kama sisi. Lakini ninakuomba uingie.

Ningekuja na Isidori lakini gari limejaa. Ni pipa hilo moja tu lililotoka stoo. Hilo na la Gidahosh.

Theodory Sulle


Hospitalini, Mbulu
9 Aprili 1985

Theodory,

Naandika polepole, mkono bado haujatulia.

Philomena aliingia. Alivuka ua huku mama yako na wazee wakimpigia kelele arudi, akawajibu kwa Kiiraqw kwamba kama uchafu unaambukiza basi waje wamtoe wao. Hakuna aliyekuja. Alinusa pipa, akalipindua kwa mguu, akamnyanyua Zita. Ni mtu wa kwanza wa kwetu kunishika mkono tangu mwezi wa kwanza. Hapa walimsikiliza, wakatuchoma sindano zile zinazofaa. Zita jana aliomba ugali na maziwa, akala, akaomba tena. Atapona. Kwa hilo namshukuru Mungu na Philomena, na wewe sikuweki hapo.

Nimemlazimisha anionyeshe barua zako. Hakutaka. Nimeona ile uliyomwandikia kwamba hakuna pipa lililotoka, nimeona tarehe yake, nikaichukua ile uliyoniandikia mimi. Zote za ishirini Machi. Siku hiyo ulishajua, Theodory. Ulikuwa na dalili zangu mkono mmoja na zile za Gendabi mkono mwingine, ukakaa mezani ukaandika YAH. Mtoto wangu aliendelea kunywa.

Isidori ameniambia pia gari halikuwa limejaa. Lilikuwa na yeye na vichupa. Alikuambia upande garini, ukasema una kazi stoo.

Philomena ameniuliza nani alikuwa akifua ovaroli zako. Nilipomwambia ni mimi, na kwamba nilifua wiki ya Krismasi, aliiandika tarehe hiyo. Nikamuuliza kama ndiyo sababu mimba ilitoka. Akasema hajui, haiwezekani kujua sasa. Nitaishi na hilo. Uishi nalo na wewe.

Usiniandikie pole. Nimelala kitanda hiki nimefikiri jambo moja tu. Nilimwaga maziwa ya mama yako. Gendabi walitaka kumpiga bibi wa watu. Kila mtu anamtazama jirani yake, na wewe peke yako ndiye uliyejua. Philomena anasema kwa hesabu ya stoo yako mapipa ambayo hayajulikani yaliko si mawili. Amekuuliza, umemwambia mawili. Mimi ndiye mkeo, mimi ninakuuliza: mengine yako kwa nani? Huko nako kuna mtu anashika ukuta na kuambiwa amerogwa. Nitajie nyumba.

Fransiska


Shambani, Hanang
11 Aprili 1985

Fransiska,

Barua yako Isidori amenipa saa hii. Sina pole ya kuandika, umeikataa na una haki.

Limebaki moja. Liko jikoni kwa Mariamu, Katesh. Nililipeleka mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, kabla ya la kwako, na la kwako nilikuletea kwa sababu la kwake lilinikaa moyoni. Ulichokuwa unakiuliza ni kweli, ni tangu mavuno ya mwaka jana. Seifu anajua. Nilinyamaza juu ya pipa lile kwa sababu nisingeweza kulitaja bila kumtaja yeye, na wewe ungesoma.

Mariamu analalamika macho tangu mwezi uliopita. Nilimwambia ni moshi. Abiria wote wanaoteremka Katesh wanakunywa chai pale. Philomena mwenyewe amepanga chumba jirani, nadhani anakunywa pia. Mwambie madaktari wamtazame.

Isidori anawahi kurudi kwenu Mbulu na barua hii. Mimi simngoji mtu. Nimevaa viatu, naondoka sasa kwa miguu kwenda Katesh, nikalipindue mchana kweupe mbele ya wateja na kuwaambia lilikuwa na nini na nani alilileta. Wakishanisikia nitakwenda mwenyewe polisi.

Watu watakuambia walimwona mumeo anatoka jikoni kwa Mariamu. Waamini.

Theodory